Baada ya shambulio la moyo: picha inayotenganisha msuli uliokufa na uliozimia

Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba. Siku hizi basi linaloondoka Tabora alfajiri huingia Dar es Salaam usiku wa siku hiyo hiyo. Kwa abiria ni mwendo mzuri. Kwa msuli wa moyo uliokosa damu, ni kuchelewa.

Shambulio la moyo hutokea pale mshipa unaoulisha moyo wenyewe unapoziba, mara nyingi kwa donge la damu. Sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa katika muda wa nusu saa hivi, na madhara huendelea kusambaa kwa saa kadhaa. Kuzibua mshipa huleta faida kubwa zaidi ndani ya saa 12 za kwanza. Wengi wetu saa hizo huzimaliza tukidhani ni vidonda vya tumbo, au uchovu wa kazi ya mabani ya tumbaku. Si wagonjwa tu wanaokosea: utafiti uliofanyika Moshi ulionyesha kuwa wengi waliokuwa na shambulio la moyo hawakugunduliwa hata walipofika hospitalini.

Aliyenusurika anahitaji kujua amebakiwa na moyo wa namna gani. Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha eko, ndugu wa ile altrasaundi ya wajawazito. Hakina sindano wala mionzi. Daktari hutazama kuta za moyo zikipiga: ukuta mzima hunenepa na kukaza, ulioumia husimama tu au hutuna nje. Kisha hupima chumba kikuu kinatoa asilimia ngapi ya damu yake kila pigo. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu; chini ya 40 ni moyo uliodhoofika, na dawa hubadilika.

Lakini ukuta uliosimama si lazima uwe umekufa. Huenda umezimia tu, na ukarudia kazi baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana eko hurudiwa, na hapo ndipo tunapowapoteza watu wa Sikonge, Urambo na Kaliua: maumivu yameisha, nauli ya safari ya pili haipo, kadi ya kliniki imewekwa sandukuni.

MRI ya moyo huona zaidi. Dawa maalumu hudungwa mshipani, ikakawia kwenye kovu, nalo likaonekana jeupe. Ila kipimo hicho ni adimu nchini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, imekuwa ikipeleka wataalamu mikoani, na hilo tunalisifu. Hata hivyo kambi ya siku chache haimngoji mtu atakayeugua mwezi ujao. Kwa maoni yetu, mkoa kama huu hauna haja ya kuanza na MRI. Unahitaji mashine ya eko yenye mtu wa kuisoma kila siku, na kipimo cha umeme wa moyo karibu na kijiji.

Ukipimwa eko, omba majibu kwa maandishi uyatunze. Muulize daktari mambo mawili: moyo wangu unatoa asilimia ngapi, na nirudi lini kupimwa tena?