Ukaguzi wa Reli Usiishie Daftarini

Reli haiharibiki kwa siku moja. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield, Uingereza, treni ya abiria iliacha njia na watu 4 wakafariki. Ufa wa reli ile ulikuwa umekwisha kuonekana miezi mingi kabla. Hata reli mpya ilikuwa imelazwa kando ya njia, ikingoja kufungwa. Tarehe 3 Juni 2016, huko Mosier, Marekani, mabehewa 16 ya mafuta yaliacha njia na moto ukawaka. Skrubu zilizoshika reli kwenye mataruma zilikuwa zimekatika, wala ukaguzi uliotangulia haukuzigundua.

Wale waliona wasitende. Hawa walitazama wasione. Yote mawili ni hatari kwa wananchi.

Tangu 2024, ndugu zetu wa visiwani wavukao kwenda Dar es Salaam huweza kupanda treni ya umeme hadi Dodoma. Kwa hiyo twawataka wakuu wa reli waipangie kila kasoro siku ya kutengenezwa na mtu wa kuwajibika. Na kabla ya hapo, treni ipunguze mwendo au isimame. Chuma hubadilishwa, roho haina badala.