Msafiri wa Beni aulize kwanza kile ambacho bima hailipi

Mjini Beni na Butembo, mtu akienda kwa seremala kununua kabati la vitabu, hatoi pesa mara moja. Hugonga ubao, huuliza kama mti ulikauka vizuri, hutazama mgongo wa kabati, na akiona rafu ndefu isiyo na nguzo katikati anajua kwamba vitabu vitaipinda. Lakini mtu huyo huyo akitaka kwenda Dubai au Guangzhou kutafuta bidhaa, hununua bima ya safari kwa dakika tano bila kuuliza swali hata moja.

Wengi huiona bima hiyo kuwa karatasi ya visa tu. Nchi za Ulaya za eneo la Schengen, kwa mfano, hudai bima inayoweza kulipa angalau euro 30.000 kwa matibabu ya dharura na kumrudisha mgonjwa kwao. Wakala huiweka ndani ya faili, msafiri analipa, na hakuna anayeifungua tena. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Faida ya bima huonekana siku mtu anapolazwa hospitali ugenini, ambako matibabu ya siku chache yanaweza kumaliza mtaji wa duka zima.

Ukurasa wa kusoma kwanza ni ule unaotaja mambo ambayo kampuni haitalipa. Katika mikataba mingi ya bima ya safari, vita na machafuko vimo kwenye orodha hiyo. Kwa mkaaji wa Paris, maneno hayo yanaweza kupita bila kumgusa. Kwa mkaaji wa Kivu ya Kaskazini, jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, ni jambo la kila siku.

Tena safari ya mfanyabiashara wa Butembo haianzi kwenye ndege. Wengi hupita Beni, hushika barabara ya kitaifa nambari 4 hadi mpaka wa Kasindi, ndipo huingia Uganda kuelekea Entebbe. Barabara hiyo ya Beni hadi Kasindi imeshambuliwa mara nyingi na waasi wa ADF. Kuna mikataba inayoanza kufanya kazi pale tu msafiri anapovuka mpaka. Maana yake ni kwamba kipande cha hatari zaidi cha safari nzima kinaweza kubaki bila bima yoyote, na mwenye kulipa hajui.

Watetezi wa kampuni watasema kwamba hakuna anayeweza kubeba hatari ya vita. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Duniani ipo mikataba inayomlipa raia aliyejeruhiwa vitani bila kushiriki mapigano, na ipo inayoongeza kinga hiyo kwa bei ya juu. Kampuni isiyotaka kuiuza ina haki hiyo. Isichokuwa na haki nacho ni kuchukua dola za mtu na kumwacha agundue ukweli akiwa kitandani.

Vita si pengo pekee. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asipoutaja ugonjwa wake siku ya kujiandikisha, anaweza kunyimwa malipo. Bima ya safari hulinda mtu na mizigo yake binafsi. Shehena ya biashara inayotoka Mombasa kupitia Kampala hadi Kasindi inahitaji bima yake ya mizigo. Pesa taslimu mara nyingi hazilipwi, au hulipwa kidogo sana. Anayeingia Uganda kwa gari lake anahitaji pia Kadi ya Njano ya COMESA, inayolipia madhara atakayowasababishia wengine barabarani. Na ndugu anayekuja kutoka Ulaya kwa ndoa au mazishi aulize huko huko anakonunua: mikataba mingi hufutika mtu akienda eneo ambalo serikali ya nchi hiyo imeshauri watu wasiende.

Zamani hapakuwa na pa kuchagua, kwani SONAS ilishika soko la bima peke yake tangu miaka ya 1960. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na kampuni za kwanza za binafsi zikapewa ruhusa mwaka wa 2019 chini ya usimamizi wa ARCA. Ushindani huo hauna maana ikiwa mnunuzi hawezi kulinganisha. Mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, kwa herufi ndogo, haumsaidii mama anayefanya hesabu zake kwa Kiswahili na Kinande. ARCA ingelazimisha kila kampuni kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema nini kinalipwa, nini hakilipwi, na kuanzia wapi.

Hadi siku hiyo ifike, msafiri asilipe kabla ya kujibiwa kwa maandishi: bima inaanza Beni, Kasindi au uwanja wa ndege? Vita vimetengwa? Nitapiga simu gani usiku nikiugua, na kiasi gani nitajilipia mwenyewe kwanza? Wakala akishindwa kujibu, pesa zirudi mfukoni, kama anavyofanya kwa seremala mwenye ubao mbichi.