Chinsaga si Dawa

Msomaji, huenda umekwisha kumsikia mtu yule asimamaye karibu na kituo cha matatu siku ya soko, mkononi ameshika chupa ya maji ya kijani, mdomoni ana kipaza sauti, akitangaza kwamba unga wa chinsaga, uliochanganywa na mizizi aijuayo yeye peke yake, huponya kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, utasa na saratani. Hapa Nyansiongo nimemsikia mara nyingi. Watu wenye akili timamu humzunguka, na wengine hufungua mikoba yao wakanunua. Nasema mtu huyu ni adui wa vitu viwili anavyojidai kuvipenda: ni adui wa chakula chetu, tena ni adui wa uganga wetu.

Tuanze na chakula. Chinsaga ndiyo mboga iitwayo mgagani kwa Kiswahili, kama vile rinagu ilivyo mnavu. Ni mboga chungu, na uchungu wake umewafundisha mama zetu ufundi mkubwa. Huichambua jani kwa jani, huichemsha, huitia maziwa, na katika nyumba nyingi huilaza chunguni ili ipashwe moto tena kesho yake, hata uchungu ule ugeuke kuwa utamu wa namna ya peke yake. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa mboga hii, wala desturi hiyo haikutokea bure, maana ina madini ya chuma na chokaa, na vitamini ambazo mwili uliopoteza damu huzihitaji. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo cha mboga katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia miaka mingi ya maisha yake kuchunguza mboga za kienyeji za nchi hii, ambazo wasomi wengi waliotangulia walizihesabu kuwa magugu. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku kwa kazi hiyo.

Sasa tazama afanyavyo yule mwenye chupa. Huichukua mboga hiyo iliyostahili kujaa sahani, huikausha, huisaga, kisha hukuuzia kijiko kimoja kwa bei ya kapu zima. Tena hukufundisha kuikumbuka siku uumwapo tu! Chakula hakifanyi kazi hivyo. Chakula huujenga mwili polepole, mlo baada ya mlo, katika mtoto na mzee, bila kelele. Aitaye chinsaga dawa hudhani ameipandisha cheo, kumbe ameitoa jikoni na kuiweka kabatini.

Na jikoni kwenyewe tuna kasoro ambayo mwuza chupa hataitaja kamwe, kwa kuwa haimletei faida. Nchi hii ya Borabu ilikuwa mashamba ya walowezi, na katika miaka ya 1960 ikagawiwa wananchi. Leo majani ya chai yameifunika milima, kiwanda kiko hapa hapa, na katika maboma mengine michai imefika hata mlangoni pa jiko, pasibaki tuta moja la mboga. Siilaumu chai, imewalipia karo wengi wanaosoma maneno haya. Lakini ujue kwamba chai inywewayo pamoja na mlo huuzuia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Sisi tulimao chai hula rinagu na kuishushia kwa kikombe cha chai papo hapo! Mtu angengoja saa moja tu kabla ya kunywa kikombe chake, angepata katika sahani ile ile faida asiyoipata sasa, na asingelipa hata senti.

Siku hizi umeingia pia mtindo wa Ayurveda, elimu ya kale ya Wahindi juu ya maisha na tiba. Siibezi. Humwagiza mtu ale akiwa ametulia, ale kwa kiasi, na akitie moyoni chakula anachokila. Bibi zetu walikuwa na sheria hizo hizo bila kuzipa jina: mtoto alinawa, akaketi, akangoja wakubwa waanze, wala hakula akizurura. (Ningependa kuona ni wangapi kati yenu wawezao kumaliza ugali bila kuangalia simu.) Hata mitishamba yao mingine imethibitika. Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alitangaza mwaka 1949 jinsi mmea wa Rauwolfia, uliotumiwa na Wahindi tangu zamani, ulivyoshusha shinikizo la damu la wagonjwa wake. Lakini kumbuka na hili: watafiti wa Boston walipopima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani mwao, walitangaza mwaka 2004 kwamba 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Jina la kale lilikuwa juu ya chupa, na sumu ilikuwa ndani.

Wako watakaonijibu kwamba nimesoma chuoni nikadharau waganga wa kwetu. La, hasha! Ni heshima yangu kwao inayonitia hasira. Wakisii walikuwa na tabibu wa kichwa, omobari, aliyeweza kumpasua ngozi mtu aliyepigwa kichwani, akaukwangua mfupa uliovunjika, na mgonjwa akaishi. Omobari hakujifundisha kwa siku mbili. Alikaa miaka chini ya mkubwa wake, na alikaa katika kilima kile kile pamoja na wagonjwa wake. Mgonjwa akipona, majirani walimwona. Akifa, vilevile walijua. Mwuza chupa hupanda matatu jioni, na wiki ijayo yuko soko jingine. Je, huyu ndiye mrithi wa omobari?

Wala haitoshi kwamba mmea una nguvu. Sharti ijulikane nguvu hiyo iko wapi, na kwa kipimo gani. Tu Youyou wa China alisoma kitabu cha karne ya 4 kilichoagiza mmea mmoja wa homa ulowekwe na kukamuliwa, akang'amua kwamba moto ndio ulioiharibu dawa katika majaribio ya kwanza. Akaitoa bila joto kali, akaijaribu kwa wanyama, kisha mwaka 1972 akaimeza yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na vidonge vya malaria vitolewavyo katika zahanati zetu vimetokana na mmea huo.

Linganisha na yaliyotokea Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na ikasemwa kwamba kikombe kimoja tu chatosha kuondoa kisukari, UKIMWI na saratani. Maelfu walikwenda, hata kutoka Kenya. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wako waliotolewa vitandani hospitalini, wakafa njiani kabla ya kukifikia kikombe. Bei ilikuwa ndogo, hilo nalikubali. Gharama ilikuwa ile dawa waliyoiacha nyumbani.

Namjua mzee mmoja wa huku kwetu aliyeiacha insulini kwa ajili ya chupa kama hiyo. Aliambiwa kwamba sindano ni za wazungu na mboga ni za babu zake. Miezi michache baadaye alikatwa mguu chini ya goti. Alikuwa akila chinsaga tangu utoto wake, na anaila hata leo, wala haikumkosea lolote; haikuahidi kamwe kuifanya kazi ya insulini. Ahadi hiyo aliitoa mtu, na mtu huyo hajaonekana tena.

Kwa hiyo, siku ya soko, atakapokusomea orodha yake ya magonjwa, mwulize kwa adabu alifundishwa na nani, na wagonjwa wake wa mwaka jana wanakaa wapi. Kisha vuka barabara, ununue fungu la chinsaga kwa akina mama walioketi pale, na umwombe mmoja wao akuuzie na mbegu.