Wengi Walishinda, Mmoja Akafungiwa Mlango

Msomaji wangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Singida. Tulikuwa tunakutana Jumatano. Walimu waliokuwamo wakaomba tuhamie Jumamosi, tukapiga kura, ikapita. Mwenzetu mmoja Msabato alinyoosha mkono. Tukamwambia, "Mama, wengi wameshinda."

Hakuja tena. Kila wiki nikaandika faini ya utoro kwenye jina lake. Msimu wa kupanda alizeti ulipofika akaomba mkopo wa mbegu. Tukafungua daftari: mtoro, anadaiwa faini. Tukamnyima. Akaniambia kwa upole, "Katibu, hamkunifukuza. Mlinifungia mlango tu."

Sikulala usiku ule. Wiki iliyofuata tukamrudishia jina lake safi na mkopo wake, na kikao kikahamia Jumapili saa tisa alasiri. Wakristo wametoka kanisani, Waislamu hawana kizuizi, Sabato imeisha tangu Jumamosi jua lilipozama. Walimu nao wakaja. Kumbe siku ilikuwepo, hatukuitafuta tu.

Nayasema haya kwa sababu kamati zetu za harusi, misiba na maendeleo zinarudia kosa hilo. Kikao kinaitishwa Ijumaa saa saba mchana, wakati wa sala. Kitchen party inapangwa mchana wa Ramadhani, kisha tunanung'unika kwamba "wale hawatoi ushirikiano". Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu. Sherehe ya pilau na kuku wa kienyeji mwezi ule ilikuwa inawaacha nje jirani wa pande zote mbili.

Basi kabla ya kutangaza tarehe, fanyeni mambo mawili. Kwanza, mkumbuke kwamba Krismasi haihami, lakini Idd hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na husubiri mwezi uandame. Acheni nafasi ya siku moja mbele na moja nyuma. Pili, muulizeni yule aliye peke yake kwenye kikundi, na mumuulize kabla ya kura. Akishanyoosha mkono peke yake mbele ya watu thelathini, mmeshachelewa.

Tukutane wiki ijayo.