Mageuko si mageuzi: perege, mkonge na vinyago vya udongo

Jina la Korogwe limeingia mara mbili katika vitabu vya elimu ya viumbe. Kwanza ni samaki: perege mmoja wa mto Pangani, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1955 na mtafiti Mwingereza Rosemary Lowe, ambaye leo wataalamu duniani kote wanamwita Oreochromis korogwe. Pili ni maradhi: kuna ugonjwa wa madoa kwenye majani ya mkonge ambao wataalamu wa kilimo wameupa jina la Korogwe. Samaki na ugonjwa. Si sifa ambazo halmashauri ya mji ingeziandika kwenye bango la kuwakaribisha wageni. Hata hivyo vitu hivi viwili vinaweza kutusaidia katika ugomvi mmoja ambao umetuchosha.

Ugomvi wenyewe ni huu wa evolusheni. Unazuka katika madarasa ya dini, katika vikundi vya vijana, hata miongoni mwa waseminari, na kila unapozuka huishia kwa nyani. Mmoja anasema babu yake hakuwa nyani, mwingine anasema sayansi imeshathibitisha, kengele inagongwa, kila mtu anaondoka na alichokuja nacho. Maoni yangu ni kwamba tunagombana hivyo kwa sababu tumelibebesha neno moja mizigo mitatu. Mizigo hiyo ikichanganyika, zinaharibika hoja za darasani na zaidi ya hizo: samaki wanapotea, wakulima wanaingia hasara, na watu wanadharauliwa.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinayo maneno ya kutosha kama tukitaka kuyatumia. Kitenzi *geuza* kinadai mtendaji. Mama anageuza chapati, chapati haijigeuzi. Kutoka hapo tunapata *mageuzi*, na ndiyo maana vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wanasiasa walilipenda neno hilo hadi likaingia katika jina la chama: walikuwapo watu waliotaka kuigeuza nchi kwa makusudi. Kitenzi *geuka* hakidai mtendaji. Upepo umegeuka, wala huulizi nani kaugeuza. Kutoka hapo tunapata *mageuko*. Kisha lipo *maendeleo*, kutoka *endelea*, neno linalodhani kwamba mbele ipo na inajulikana iliko. Maneno matatu, mambo matatu. Lakini katika mazungumzo yetu tunasema mageuzi ya viumbe, mageuzi ya teknolojia, mageuzi ya sanaa, kana kwamba ni chombo kimoja kinachopita vituo vitatu.

Wenzetu wa Ulaya nao hawakuwa na nafuu. Wanaosoma Kilatini wanajua kwamba *evolvere* ni kukunjua, kama mtu anavyokunjua kitabu cha kale kilichoviringishwa. Katika kitabu cha namna hiyo kila neno limekwisha kuandikwa. Ukikunjua unafichua tu. Charles Darwin alipotoa kitabu chake mwaka 1859 hakulitumia jina evolusheni katika toleo la kwanza. Alizungumza juu ya vizazi kurithishana pamoja na mabadiliko, jambo ambalo halina kitabu kilichokwisha kuandikwa wala ukurasa wa mwisho. Aliyelitangaza sana neno hilo na kulifunga pamoja na wazo la maendeleo ni Herbert Spencer, mwanafalsafa, si mtaalamu wa viumbe. Mchanganyo huo tumeurithi pamoja na reli.

Sasa turudi mtoni. Perege wa Korogwe, kama ndugu zake wa jenasi hiyo, ana desturi ya kupendeza: jike hukusanya mayai yake kinywani na kuyalea humo mpaka vifaranga waweze kujitegemea. Hakuna mtu aliyemfundisha. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba samaki wa jina hilo hilo anapatikana pia katika maziwa matatu madogo mkoani Lindi, Rutamba likiwa mojawapo, mamia ya kilomita kusini mwa mto Pangani. Makundi hayo mawili hayakutani, na kwa kutokukutana kwa muda mrefu yametofautiana katika urithi wao. Ukiniuliza yupi ameendelea zaidi, wa Lindi au wa Korogwe, nitakujibu kwamba swali lenyewe halina maana. Kila mmoja anayafaa maji yake. Hayo ndiyo mageuko.

Kwa upande wa imani, sioni kwa nini Mkatoliki aogope neno hilo. Papa Pius XII, katika waraka *Humani Generis* wa mwaka 1950, aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu kutoka viumbe vilivyotangulia, huku akishikilia kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hiyo sasa ni zaidi ya dhana tu, na mwaka 2014 Papa Fransisko aliiambia akademia hiyo hiyo kwamba mageuko hayapingani na uumbaji. Jambo hili lilikwisha kujibiwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kijana anayeacha Kanisa kwa sababu ameambiwa achague kati ya Mwanzo na biolojia anaacha kwa sababu ya swali ambalo Kanisa halikumuuliza.

Lakini hebu lete neno maendeleo ndani ya maji hayo hayo uone. Mfugaji wa samaki anataka sato, kwa sababu sato anakua haraka na kuwa mkubwa, na soko linamjua. Hilo ni hesabu ya mfugaji na ni halali. Kosa linaingia pale sato anapoitwa samaki bora na perege samaki wa kizamani, kana kwamba mmoja ni ngazi ya juu ya mwingine. Sato si mwenyeji wa bonde la Pangani. Ameletwa na watu. Hata Ziwa Victoria, ambako wengi wanadhani ndiko kwao, aliingizwa katika miaka ya 1950, na ngege aliyekuwa chakula cha ziwa lile akapungua sana baada ya sato na sangara kuletwa. Sato anapoingia kwenye maji ya perege wanagombea chakula na mahali pa kuzalia, na zaidi ya hapo wanazaana. Katika maziwa yale ya Lindi machotara wamekwisha kuonekana. Perege anaweza kupotea bila kuvuliwa hata mmoja, kwa kuyeyuka tu ndani ya mgeni.

Mkonge ni habari nyingine kabisa, na hapo neno mageuzi liko mahali pake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62. Hiyo ndiyo mwanzo wa mashamba yaliyokuja kuitawala njia nzima ya reli, Hale, Magunga, Ngombezi. Mkonge kwa kawaida hauzaliani kwa mbegu. Unaishi miaka kadhaa, unatoa mlingoti mara moja, vijimche vinaota juu ya mlingoti, mmea unakufa. Vijimche hivyo na maotea ya pembeni ni nakala ya mama yao. Kwa hiyo shamba la mkonge, hata likifika upeo wa macho, ni kama mmea mmoja uliorudiwa mara milioni.

Mmea usiogeuka wenyewe inabidi ugeuzwe. Watafiti wa Amani na Mlingano, wilayani Muheza, walichanganya aina mbili za jamii ya mkonge na kupata chotara namba 11648, wenye kutoa majani mengi mara mbili na zaidi ya mkonge wa kawaida. Ni kazi ya kujivunia. Hata China inaulima. Mtu alikuwa na lengo, akahesabu, akachagua, akatupa yasiyofaa. Lakini chotara huyo ndiye anayeshambuliwa sana na yale madoa niliyoyataja mwanzoni. Aliyemtengeneza alikuwa akihesabu majani. Vijidudu vya ugonjwa havikushauriwa. Na kwa kuwa miche yote ni ndugu pacha, linaloupata mmoja linaweza kuwapata wote.

Na hapo neno maendeleo linahitaji kuulizwa swali: kwenda wapi? Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha tani zaidi ya 200,000 za mkonge kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa chini ya 30,000. Zipo sababu nyingi, na kila mzee wa Korogwe ana orodha yake, lakini kubwa mojawapo ni kamba za plastiki, ambazo zilisifiwa kama hatua ya mbele. Leo dunia inatafuta namna ya kuachana na plastiki na inauliza kama mkonge bado upo. Nani alikuwa mbele na nani nyuma? Kibarua aliyeachishwa kazi wakati korona za kusindika zilipofungwa hakuwa amebaki nyuma popote. Soko liligeuzwa na watu waliokuwa mbali naye.

Katika sanaa maneno yote matatu yanapwaya. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa serikali ya kikoloni, alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya jando na unyago kwa Wazigua, Wasambaa na jirani zao, akatoa kitabu juu yake mwaka 1956. Ukivitazama ndani ya kabati la kioo ni vidogo, havina madoido, na mtazamaji mwenye haraka atasema ni sanaa ya hatua ya mwanzo. Lakini kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na wimbo ulikuwa na fumbo lake, na fumbo lilikuwa na mwalimu wa kulifumbua. Kilichomo kabatini ni kama notisi za padre zilizobaki kwenye mimbari baada ya mahubiri. Jumba la makumbusho la Pitt Rivers, lililoanzishwa Oxford mwaka 1884, lilipanga vitu vya mataifa kwa mfululizo ili kuonyesha jinsi mikono ya watu ilivyopanda kutoka duni hadi bora. Miaka 23 baadaye Picasso alisimama mbele ya vinyago vya Afrika huko Paris akabadili namna yake ya kuchora. Kwa mpango wa Oxford, hapo mtu wa juu alikuwa ameshuka ngazi kwenda kujifunza.

Nayaona hayo kwenye kwaya zetu pia. Parokia ikipata kinanda cha umeme, ngoma na kayamba vinapelekwa stoo, na watu wanasema kwaya imeendelea. Sina ugomvi na kinanda. Lakini wimbo wa Kigregori haukufutwa na nyimbo za sauti nne, na selo ya Wazigua haikuwa maandalizi ya kitu kingine. Bendi ya Young Nyamwezi, iliyoanzishwa mjini Tanga katika miaka ya 1950 na baadaye kuitwa Jamhuri Jazz, inabeba katika jina lake la kwanza habari ya watu waliotoka mbali kuja mkoa wa mkonge. Gitaa lilikuja, ya zamani hayakufa, yakachanganyika.

Linaloniumiza zaidi ni neno hili likiwekwa juu ya watu. Tangu Juni 2022 familia za Wamaasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu yanapinga. Sitaamua hapa mjadala huo. Nataka msomaji asikilize tu lugha inayotumika vijiweni na ndani ya mabasi: hawa bado, hawa wako nyuma, sasa watakuwa watu wa kisasa. Huyo anayesema hivyo hasemi juu ya nyumba na maji ya bomba peke yake. Anawapanga watu kwenye ngazi, na ngazi hiyo aliitoa kwenye picha ya darasa la nne ya nyani anayesimama polepole mpaka akawa mtu.

Picha hiyo ni ya uongo hata kwa sayansi yenyewe, na ushahidi umetoka Ngorongoro hiyo hiyo. Fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lile la Zinjanthropus, wengi wetu tulikariri kwamba ni la babu yetu. Si la babu yetu. Ni la tawi la pembeni lililokwisha kabisa. Katika bonde hilo hilo, enzi hizo hizo, aliishi zamadamu mwingine, *Homo habilis*, aliyepewa jina mwaka 1964. Walikuwa matawi ya mti, hawakuwa vipandio vya ngazi. Na mfugaji wa Msomera, mwalimu wa Korogwe na mwandishi wa makala hii wote wako kwenye kitawi kimoja, urefu mmoja.

Basi ninaomba mambo mawili madogo. Walimu wetu waseme mageuko wanapozungumzia viumbe, na waache mageuzi kwa mafundi na wanasiasa. Na parokia na taasisi zenye mabwawa ya samaki katika bonde la Pangani zimuulize ofisa uvuvi, kabla ya kununua vifaranga, kama perege wa mto anaweza kupatikana badala ya sato. Mengi ya mabwawa hayo yamechimbwa karibu na mto, na masika yakizidi maji hupita juu ya kingo.