MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Wako watu wadhanio ya kuwa kazi ya karani ni kazi ndogo, kwa kuwa karani hainui nyundo wala hatoi amri. Yeye huandika tu yale yaliyotendwa na wengine. Sisi hatukubaliani nao, na leo twapenda kuonyesha sababu yetu kwa habari za kampani moja kubwa ya umeme na gesi huko Marekani, ambayo katika muda usiotimia miaka 20 ilikwenda mahakamani mara mbili kuomba hifadhi ya mufilisi, na ambayo daftari zake ziliposema yasiyo kweli, watu walikufa.

Kampani hiyo ni Pacific Gas and Electric Company, iliyoundwa mwaka 1905 katika nchi ya California. Watu wapatao milioni 16 hupata umeme au gesi kwa nyaya na mabomba yake, katika eneo la maili za mraba kama 70,000. Kwa miaka mingi hisa zake zilihesabiwa kuwa mahali pa salama pa kuweka akiba, hata wazee waliostaafu na wajane walizinunua wakitumaini kula faida yake kidogo kidogo mpaka mwisho wa siku zao. Kila mtu huwasha taa, kila mtu hupika chakula. Basi hasara itatoka wapi?

Kabla ya kujibu swali hilo, yafaa tufahamu jinsi kampani ya namna hii ipatavyo faida, maana si kama duka. Mwenye duka akiuza sukari nyingi hupata zaidi. Lakini kampani hii, kwa kuwa mteja hana pengine pa kununua waya wala bomba, hukatiwa bei na Halmashauri ya Serikali ya California. Umeme na gesi yenyewe humfikia mteja kwa bei ileile iliyonunuliwa. Faida hutoka katika mali iliyojengwa, yaani minara, nyaya, mabomba na mitambo. Kwa kila dola 100 za mtaji wa wenye hisa uliotiwa katika mali hiyo, Halmashauri huruhusu faida ya karibu dola 10 kwa mwaka. Basi anayejenga kipya huongeza faida yake. Bali anayekagua kilicho cha zamani, na kukitia mafuta, na kubadili kilicholika, huyo hurudishiwa gharama tu. Tukumbuke neno hili, kwa maana ndilo mzizi wa mengi yaliyofuata.

Hatari ya kwanza ilikuwa ya bei. Mwaka 1996 ilitungwa sheria ya kufungua soko la umeme. Kampani iliuza vituo vyake vingi vya kufulia umeme, ikawa yanunua sokoni kile ilichokuwa ikikitengeneza yenyewe, na huku bei ya kumwuzia mwananchi imefungwa isipande. Mwaka 2000 bei ya sokoni ilipanda kupita kiasi. Yeyote aliyewahi kushika mizani ya duka ajua mwisho wa mtu anunuaye kwa shilingi kumi na kuuza kwa mbili: kadiri auzavyo ndivyo apoteavyo. Tarehe 6 Aprili 2001 kampani ilijitangaza kuwa haiwezi kulipa, ikiwa na madeni ya dola bilioni 9 hivi, wala haikutoka katika hali hiyo mpaka mwaka 2004. Hasara hiyo ilikuwa nzito, lakini ilikuwa hasara ya fedha tu.

Hatari ya pili ilikuwa ya daftari, na hiyo ndiyo itugusayo sisi. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, katika mji wa San Bruno, bomba kubwa la gesi lenye upana wa inchi 30, lililofukiwa mwaka 1956, lilipasuka chini ya nyumba za watu. Watu 8 walikufa, na nyumba 38 ziliteketea. Gesi iliendelea kuwaka dakika 95 kabla ya kufungwa. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za kampani walikuta imeandikwa kwamba bomba mahali pale halina mshono. Walipolitazama bomba lenyewe waliona mshono wake, nao haukulehemiwa sawasawa. Basi waliopanga ukaguzi, wakitegemea maandishi, walikuwa wakilinda bomba ambalo halikuwako, na lile lililokuwako hakuna aliyelijua.

Mwaka uliofuata kampani iliwakusanya watumishi wake kwa mamia katika jumba kubwa la maonyesho liitwalo Cow Palace, wakapekua masanduku kwa masanduku ya karatasi za zamani, usiku na mchana, wakitafuta hati za mabomba yao. Twaomba kila karani asomaye maneno haya aione picha hiyo moyoni mwake. Kazi ambayo mtu mmoja angaliifanya kwa dakika chache siku bomba lilipofukiwa, watu mamia hawakuweza kuikamilisha baada ya miaka zaidi ya 50. Mwaka 2015 Halmashauri iliitoza kampani adhabu ya dola bilioni 1.6, na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliiona ina hatia kwa makosa 6, moja likiwa la kuwazuia wachunguzi wasifanye kazi yao.

Mtu angedhani kwamba funzo hilo limetosha. Lakini asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, katika milima ya wilaya ya Butte, kulabu ya chuma iliyoshika waya wa umeme juu ya mnara ilikatika. Kulabu hiyo ilikuwa na umri wa miaka karibu 100. Ilinunuliwa mwaka 1919 kwa senti 56, na kampani iliyoijenga njia ile ya umeme ilimezwa na Pacific Gas and Electric mwaka 1930. Upepo ulikuwa umeisugua kulabu katika tundu lake mwaka baada ya mwaka, mpaka ikabaki nyembamba. Waya ulianguka, cheche ziliruka penye majani makavu, na kabla ya jua kutua mji wa Paradise ulikuwa majivu. Watu 85 walikufa, na majengo zaidi ya 18,000 yaliungua.

Sasa tutazame hesabu. Mwaka 2017 kampani ilikuwa imeandika faida ya zaidi ya dola bilioni 1.6. Mwaka 2018 iliandika hasara ya karibu bilioni 6.9, na mwaka 2019 hasara ya karibu bilioni 7.7. Twauliza: je, ile faida ya 2017 ilikuwa faida kweli? Kulabu ilikuwa imekwisha kulika mwaka ule, ila hakuna safu katika daftari ya fedha iliyoandikwa “kulabu iliyolika”. Sisi twaona ya kuwa sehemu ya faida ile ilikuwa ni deni lililokuwa likining’inia mnarani, likingoja siku ya upepo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huko California ukuta uligharimu mabilioni.

Tarehe 29 Januari 2019 kampani iliomba tena hifadhi ya mufilisi, ikikadiria madai ya moto kuwa zaidi ya dola bilioni 30. Mwezi wa Juni 2020 ilikiri mahakamani kuua watu 84 bila kukusudia. Kwa kuwa kampani haina mwili wa kufungwa gerezani, ilitozwa faini ya dola milioni 3.5 hivi, ndiyo kadiri ya juu iliyoruhusiwa na sheria. Walioungukiwa waliahidiwa dola bilioni 13.5, nusu kwa fedha na nusu kwa hisa za kampani ileile. Yaani mtu aliyepoteza nyumba alifanywa kuwa mwenye hisa wa yule aliyeichoma, akangoja bei ya hisa ipande ndipo apate haki yake. Nao wale wazee na wajane tuliowataja walinyimwa faida ya hisa tangu Desemba 2017, na ilipoanza kutolewa tena mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa senti 1 kwa hisa.

Wako watakaotujibu kwamba sheria ya California ni kali mno, kwa kuwa kampani hulipa hasara ya moto ulioanzishwa na nyaya zake hata kama haikuonekana kuwa na uzembe; na kwamba ukame na upepo si kazi ya wakurugenzi. Neno hilo lina kweli ndani yake, nasi hatulikatai. Ndiyo maana mwaka 2019 nchi ile iliweka fuko la dola bilioni 21 la kulipia madai ya moto, nusu kutoka kwa wateja na nusu kutoka kwa wenye hisa wa kampani tatu kubwa za umeme. Lakini sheria kali haikuandika kwamba bomba halina mshono. Upepo nao hutafuta palipo dhaifu, na kujua palipo dhaifu ni kazi ya mwenye mali.

Tangu hapo mambo yamegeuka kiasi. Baada ya kuzuka moto mwingine mkubwa mwaka 2021, ulioteketeza eka karibu milioni 1, kampani ilitangaza shauri la kufukia nyaya za maili 10,000. Ni shauri jema kwa usalama, lakini maili moja hugharimu zaidi ya dola milioni 2, na msomaji aliyelikumbuka lile neno letu la kwanza ameshaona: nyaya zilizofukiwa ni mali mpya, na mali mpya huzaa faida. Mwaka 2024 faida ilifika karibu dola bilioni 2.5, na huku wananchi wakilia kwa bei ya umeme. Upande wa gesi nako kuna hatari ya kimya. Watu wakihamia majiko ya umeme, mabomba hubaki palepale na gharama zake zilezile, na waliobaki ndio wataobebeshwa mzigo. Nao kwa kawaida ni wale wasio na fedha za kubadili jiko.

Basi maoni yetu ni haya. Kwanza, hesabu ya kampani ya namna hii isihesabiwe kuwa kamili mpaka hali ya vyuma vyake iwekwe mbele ya wakurugenzi siku ileile na hali ya fedha zake. Pili, karani asiyejua jambo na aandike “halijulikani”. Neno hilo huudhi wakubwa, lakini humpeleka fundi mahali panapohusika. Bali neno la kubahatisha humlaza usingizi. Tatu, wale wanaokata bei kwa niaba ya wananchi wasiulize tu kampani imejenga nini, bali pia imekagua nini na imebadili nini, na waone hati yake. Na mwenye kuweka akiba yake ya uzeeni katika hisa za kampani kama hii naye aulize maswali hayo hayo, asitosheke na kuambiwa kwamba kila mtu huwasha taa.

Hatusemi kwamba makarani ndio waliochoma mji. Waliokata matumizi ya ukaguzi walikuwa na viti virefu kuliko vyao. Lakini mkubwa huamua kwa kutazama karatasi, na karatasi hutoka mikononi mwetu. Hatumjui aliyeandika mwaka ule kwamba bomba la San Bruno halina mshono. Pengine alikuwa mtu mwema aliyechoka, na saa ya kufunga ofisi ilikuwa imekaribia, akaona heri aijaze safu kuliko kuiacha tupu. Kila mmoja wetu amekwisha kuketi katika kiti hicho. Wahenga wetu wametuachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza ya kuwa mali yenye daftari ya uongo hupotea pamoja na watu.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwanachama aliye na maoni mengine na aandike, naye atapewa nafasi.