Kisiwa Kisicho na Mto na Fundisho Lake kwa Gusii

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ninayemkaribisha leo katika safu hii si mtu bali ni nchi, nayo ni Malta, funguvisiwa dogo lililo katikati ya Bahari ya Mediterania, yapata kilomita 90 kusini mwa Sicily. Mwenyeji ninayetaka apone ni Gusii, hasa sisi wa Nyacheki na Bobasi kwa jumla, ambao tangu utotoni tumeambiwa kwamba taabu zetu zote zina mzizi mmoja tu, yaani udogo wa ardhi.

Naomba wasomaji wanivumilie nianze na hesabu, kwa maana mabishano mengi juu ya jambo hili huwa na sauti kubwa na hesabu haba. Malta, pamoja na visiwa vyake vya Gozo na Comino, ina eneo la kilomita za mraba 316. Katika sensa ya mwaka 2021 ilikuwa na watu 519,562. Kaunti ya Kisii ina takriban kilomita za mraba 1,320, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,266,860. Nyamira, jirani na ndugu yetu, ina takriban kilomita za mraba 900 na ilikuwa na watu 605,576. Mwanafunzi akigawanya ubaoni ataona kwamba Kisii ilikuwa na watu wapatao 960 katika kila kilomita ya mraba, hali Malta ilikuwa na zaidi ya watu 1,600. Akizigeuza kilomita kuwa ekari, atagundua kwamba lau ardhi yote ya Kisii ingaligawiwa wakazi wake sawasawa, kila mtu angalipata kama robo ekari, kabla ya kuondoa barabara, mito, shule na masoko. Mmalta naye asingalifikisha hata sehemu moja ya sita ya ekari.

Kwa hiyo, yule tunayemdhania kuwa mkwasi wa nafasi ametubana sisi kwa msongamano. Tena si nafasi tu aliyonyimwa. Malta haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, wala haina ziwa. Kilele chake kirefu hakizidi mita 253 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho mchuma chai wa Nyamira angekiita bonde. Udongo wake ni mwembamba juu ya mawe ya chokaa, na mvua yake ni kama milimita 550 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya maji yanayotumika majumbani hutolewa baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo inayokula umeme mwingi.

Sisi je? Milima yetu huanzia yapata mita 1,500 na kupita 2,000. Mvua ya zaidi ya milimita 1,500 hunyesha sehemu nyingi kila mwaka. Mto Gucha hutiririka hadi Ziwa Victoria bila kungoja mtambo wa mtu. Tuna chai, ndizi na kahawa, na Tabaka kuna mawe laini ambayo mafundi wake huchonga vinyago vinavyouzwa ng'ambo. Basi ikiwa msongamano peke yake ndio unaoleta ufukara, Malta ingalipaswa kuwa fukara kutuzidi sisi. Kwa kuwa haiko hivyo, walimu wa Jiografia hawana budi kuwauliza wanafunzi swali lingine: Je, watu hao wanaishi wapi na wanaishi kwa nini?

Malta haikuzaliwa na neema hiyo. Kwa zaidi ya karne moja na nusu Waingereza waliitumia kama kituo cha meli zao za vita, na Wamalta wengi walipata mkate wao gatini na kambini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kazi zilipopungua, maelfu kwa maelfu walihama kwenda Australia, Uingereza, Kanada na Marekani. Nchi hiyo ilijipatia uhuru tarehe 21 Septemba 1964, miezi tisa tu baada ya Kenya. Ikawa jamhuri tarehe 13 Desemba 1974. Na askari wa mwisho wa Uingereza waliondoka tarehe 31 Machi 1979. Hapo ndipo wenyeji walipolazimika kujibu swali zito la watalipwa na nani mkoloni akishaondoka. Jibu halikuwa kurudi kwenye majembe. Walielekea kwenye viwanda, utalii, bandari za mizigo, fedha na kazi za ofisini, na mwaka 2004 wakajiunga na Umoja wa Ulaya. Nchi iliyokuwa ikisafirisha vijana wake ilifika mahali ambapo, katika sensa ya mwaka 2021, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano waliohesabiwa alikuwa mgeni.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninamchorea pepo. Wamalta wenyewe hulalamikia majengo yanayoota kila kona, misururu ya magari na uhaba wa maji ya chini ya ardhi. Mashamba yao nayo yamekatwakatwa na urithi, kizazi baada ya kizazi, hata mengine hayalimiki kwa faida. Lakini tofauti moja kubwa ingalipo. Tangu zamani Mmalta alijenga nyumba yake mjini au kijijini, ukuta kwa ukuta na jirani, akaliacha konde liwe konde. Riziki yake ilipotoka shambani kwenda kwingine, hakuwa na haja ya kulipasua konde ili kila mwana apate pa kulaza ubavu.

Sisi tumefuata njia nyingine. Shamba la Mgusii kwa kawaida ni ukanda mrefu unaoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi kijitoni, na mzee akifariki ukanda huo hupasuliwa kwa urefu ili kila mwana apate sehemu ya juu ya kujenga na sehemu ya chini ya kuteka maji. Tumchukulie mzee mwenye ekari nane na wana wanne. Kila mmoja atapata ekari mbili. Nao wakizaa wana wanne kila mmoja, mjukuu atapata nusu ekari. Kitukuu atabaki na nusu ya robo. Katika kipande hicho itasimama nyumba, jiko, choo, zizi la ng'ombe mmoja na kaburi la babu. Kitakachobaki kwa mahindi hakitoshi hata kulisha kuku. Hivyo udongo ulio miongoni mwa udongo bora wa Kenya tunaufunika kwa mabati, kisha tunanunua unga dukani.

Isitoshe, umaskini huo huzaa uadui. Ndugu waliolala kitanda kimoja hushtakiana kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili, nao vijana wanaokata tamaa huvuka mpaka kwenda kukodi mashamba Transmara, ambako mapigano ya mipaka yamewahi kumwaga damu ya jamii zote mbili. Haki ya kugawana haijatuletea amani, kwa sababu tunagawana kitu kisichoongezeka.

Kuna wanaosema kwamba hali imeharibika zaidi tangu mabinti walipoanza kudai fungu lao. Hoja hiyo ni batili. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haimbagui binti kwa jinsia yake, na Katiba ya mwaka 2010 imekaza fundo hilo. Ekari nane za mzee wetu zilikwisha mikononi mwa wana wa kiume kabla binti hajafungua kinywa. Kinachotudhuru si idadi ya warithi. Ni mazoea ya kuamini kwamba kurithi ni lazima kuwe kukata udongo. Thamani yaweza kugawanywa bila shamba kupasuliwa. Familia yaweza kuweka hatimiliki moja, shamba likalimwa na yule anayependa na kujua kilimo, naye akawalipa nduguze sehemu ya mavuno au kodi kila mwaka. Nyumba zaweza kujengwa pamoja upande mmoja wa shamba. Vituo kama Nyacheki, Nyamache, Nyangusu na Ogembo vyaweza kuwa miji ya kukaa watu, wala si safu za maduka zinazofungwa giza likiingia.

Najua nitajibiwa kwamba Malta ina bahari na Ulaya mlangoni, hali sisi hatuna bandari. Ni kweli. Aidha nitaambiwa kwamba ardhi kwa Mgusii ni zaidi ya mali, kwa kuwa ndiko waliko wazee wetu waliotangulia. Hilo pia ni kweli, nami sithubutu kulikejeli. Lakini anayewaheshimu wazee hawezi kufurahia kuona shamba walilolifyeka msitu limekuwa vichochoro. Ama kuhusu bahari, Malta haikuitwa tajiri zama zile ilipokuwa na bahari hiyo hiyo na wana wake wakipanda meli kukimbia njaa. Bahari haikubadilika. Kilichobadilika ni kazi walizojifunza watu wake na mipango ya serikali yao.

Na hapa ndipo ninapofikia utawala. Malta ina rais anayechaguliwa na bunge kwa kipindi kimoja cha miaka mitano, lakini hatamu za serikali zimo mikononi mwa waziri mkuu. Nchi imegawanywa katika wilaya 13 za uchaguzi, na kila moja huchagua wabunge watano. Mpiga kura hatii alama moja tu, bali huwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kadiri apendavyo. Mwaka 1981 mpango huo ulizaa dosari kubwa, kwani chama kilichopata kura nyingi zaidi kilikosa wingi wa viti. Kukawa na mzozo na ususiaji wa bunge. Hata hivyo vyama viwili vikuu viliketi, na mwaka 1987 katiba ikarekebishwa ili anayepata zaidi ya nusu ya kura aongezewe viti vya kutawala. Mwaka 1993 yalianzishwa mabaraza ya mitaa ili hata kijiji kiwe na sauti. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2022 zaidi ya asilimia 85 ya waliosajiliwa walijitokeza, na wenyewe waliiona idadi hiyo kuwa ndogo. Mwaka huo huo Kenya ilipata asilimia 65 hivi.

Udogo wa nchi, hata hivyo, una sumu yake. Panapojuana watu wote, kazi na zabuni huenda kwa binamu na rafiki. Tarehe 16 Oktoba 2017 mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia, aliyekuwa akifichua ufisadi wa wakubwa, aliuawa kwa bomu lililotegwa garini mwake. Umma uliandamana mwishoni mwa mwaka 2019 hadi waziri mkuu Joseph Muscat akatangaza kwamba angejiuzulu, akaondoka Januari 2020. Mwaka 2021 tume ya uchunguzi ilisema kwamba dola yenyewe ilistahili kubeba lawama kwa kuacha uovu ustawi. Serikali iliyo karibu na watu si lazima iwe serikali nzuri. Huwa nzuri pale tu watu nao wanapokaa karibu nayo.

Tangu mwaka 2013 sisi nasi tunazo serikali za karibu. Kisii ina wadi 45, Nyacheki ikiwa mojawapo, na Nyamira ina wadi 20. Katiba inaamuru kaunti zote kwa pamoja zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ibara ya 68 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuweka ukubwa wa chini na wa juu wa ardhi ya mtu binafsi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi, unaoonyesha ni wapi pa kujenga, ni wapi pa kulima na ni wapi pa kuhifadhi chemchemi. Ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kumwuliza mwakilishi wao wa wadi kuhusu mpango huo? Tunamwuliza kuhusu michango ya harusi na mazishi, kisha tunashangaa kwamba bajeti inapita bila mji hata mmoja kupangwa.

Ndugu walimu, kazi hii ni yenu kabla haijawa ya gavana. Somo la idadi ya watu lisiishie kwenye ramani ya Ulaya. Mpeni kila mwanafunzi kamba ya kupimia, akapime shamba la kwao, amwulize babu lilikuwa na ukubwa gani mwaka aliooa, kisha apige hesabu litakuwa na ukubwa gani yeye atakapokuwa na wajukuu. Mwalimu wa Kiswahili naye ana lake, kwa maana Wamalta huzungumza lugha yenye asili ya Kiarabu, na wanafunzi watafurahi kusikia kwamba huko kitabu ni "ktieb", dunia ni "dinja" na sita ni "sitta".

Nanyi wanafunzi, msiisome hesabu hiyo kama hukumu ya kufa. Isomeni kama barua iliyowafikia mapema. Wamalta waliipata yao mwaka 1979 kwa tarehe maalumu, meli ya mwisho ilipong'oa nanga. Yetu haina tarehe. Kila mwaka kigingi cha mpaka husogea hatua moja shambani, na hakuna kengele inayolia.